Nafasi Moja Kule Mgodini

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Barua kutoka kampuni ya mgodi wa bati, kule msituni! Direkta Édouard wa chuo chetu cha ufundi ametusomea walimu wote, amesimama, miwani puani. Wanataka mwalimu mmoja wa umeme aende kwao kwa staji ya mwezi mzima. Ajifunze mashine za sasa, kisha arudi kuwafundisha wenzake. Mambo yakienda vizuri, kila mwaka watapokea wanafunzi wetu watatu kazini.

Walikale nzima inajua mwalimu wa umeme ni nani. Mimi, Nestor. Miaka kumi na tisa darasani, daftari lile lile. Karatasi zimegeuka rangi ya mawese, lakini umeme haujabadilika. Bado unapita kwenye waya.

Jambo moja tu linanichoma. Gisubizo, aliyekuwa wa kwanza katika darasa langu mwaka jana, alishindwa jaribio la kuingia kwenye kampuni hiyo. Walimweka mbele ya kifaa ambacho hajawahi kukiona. Sasa anabeba mifuko ya madini ya koltani kwenye vilima vya Rubaya. Watu wanasema kosa ni la daftari langu. Watu, yaani Mama Euphrasie, mwalimu wa elektroniki. Ana miaka thelathini na moja na anaandaa masomo yake kwenye simu.

Nimejitolea kubandika tangazo la nafasi hiyo. Nimelibandika. Chini ya tangazo la kwaya. Kubandika ni kubandika.

Jumanne, tarehe 8

Euphrasie anaimba kwaya! Nilisahau kabisa. Alienda kuangalia saa ya mazoezi, upepo ukafunua karatasi. Amejiandikisha kabla ya saa nne.

Basi tuko wawili. Direkta anasema enjenia wa kampuni atafika Ijumaa. Kila mmoja wetu atawasha mota kubwa ya karakana mbele ya wanafunzi, kwa kutumia kifaa chao kipya. Kifaa kinatangulia kesho kwa pikipiki.

Nimeuliza kwa upole nani anatunza ufunguo wa depo ya vifaa. Ni mimi. Mungu hamtupi mja wake.

Jumatano, tarehe 9

Kifaa kimefika, matope hadi juu, ndani kikavu. Wanakiita otomati. Kisanduku kidogo chenye kioo. Unakipa amri, nacho kinaiamrisha mota. Saa sita, wenzangu walipoenda kula sombe, nimejifungia nacho depo. Kukisalimia tu.

Nimekichomeka. Kimewaka. Kimeniuliza kwa Kifaransa kama nataka kutia kode ya siri. Sikutaka kukikatalia, tumeonana leo tu. Nimetia tarakimu nne ambazo mwanaume hawezi kusahau: mwaka wa ndoa yangu.

Kimejifunga. Hakifanyi chochote bila kode.

Nimeogopa kidogo. Kisha nimeona mwanga! Ijumaa Euphrasie atasimama mbele ya kioo kilichofungwa. Mimi nitasogea taratibu, nitatia kode, mota itaimba. Sikulala na hila, hila imenikuta saa sita mchana na njaa yangu.

Alhamisi, tarehe 10

Euphrasie amekuja karakana. Nilidhani amegundua. Hapana. Amesema kwenye simu otomati anaielewa, ila kuwasha mota kubwa kwa nyota na pembetatu, zile namna mbili za kuunga waya kwa mikono, hajawahi kupata mtu wa kumweleza vizuri. Ameniomba nimfundishe.

Ningekataaje? Hakuna anayejua nyota na pembetatu kama mimi kati ya hapa na Masisi. Nimemfundisha saa mbili nzima. Nimechora ubaoni hadi chaki ikaisha. Ameuliza maswali mazuri. Siku nzuri sana, kwa kweli.

Mwishoni akataka kunionyesha otomati kwenye simu yake, na yeye alipe fadhila. Nimemwambia mimi na otomati tunafahamiana.

Ijumaa, tarehe 11

Sitaki kuandika. Naandika.

Enjenia ni Umurerwa! Mwanafunzi wangu wa zamani, binti wa wafugaji wa Masisi, baba yake aliuza maziwa ili asome. Amenishika mikono miwili mbele ya wote. Nimejiona tayari nimevaa kofia ya mgodi.

Euphrasie ameanza. Kioo kikamwomba kode. Akabonyeza hiki na kile, wapi! Nilikaa kwenye benchi, mikono tumboni, nikitabasamu kama padri. Ndipo akakichomoa kisanduku, akakiweka kando, akachukua waya. Nyota. Pembetatu. Kila hatua kama nilivyomwonyesha jana, hata namna yangu ya kufuta jasho. Mota ikawaka. Wanafunzi wakapiga makofi hadi mabati yakalia.

Zamu yangu. Nimekirudisha kisanduku, nimetia mwaka wa ndoa. Kimekataa. Nikakumbuka kwamba ndoa tulifunga tatu: ya kimila, ya serikali, ya kanisani. Nikatia ya pili. Nikatia ya tatu. Nadhani Jumatano kidole kiliteleza. Kioo kikageuka chekundu na kuzima.

Umurerwa akasema polepole: “Papa Mwalimu, hiyo kode ulitoa wapi? Sisi hatukutia kode.”

Nimejibu kwamba ilinijia tu. Benchi la nyuma lilianguka kwa kicheko, na watu wake.

Euphrasie akaiwasha tena mota kwa mkono, nadhani ili wasiendelee kunitazama. Na hapo nikasikia. Sauti ndogo, kama mchanga kwenye meno. Nikapiga kelele: “Zima! Zima!” Tukaifungua. Goroli za ndani zilikuwa zimelika kabisa. Dakika chache zaidi, tungekuwa chuo kisicho na mota. Umurerwa amesema sikio kama hilo mgodi wao hauna.

Lakini nafasi amempa Euphrasie.

Jumamosi, tarehe 12

Umurerwa ameniachia fomu. Kuna nafasi nyingine Januari, na ni yangu nikiitaka. Sharti moja: juu ya fomu niandike kwamba mimi ni mwanagenzi, naanza.

Euphrasie amepita nyumbani kuaga. Ameona fomu mezani, tupu. Akasema: “Andika tu, Papa Nestor. Na mie njo niliandika vile.”

Alipoondoka nilishika kalamu. Nilimfikiria Gisubizo na mifuko yake. Nikaandika “Naanza.” Nikalitazama neno hilo muda mrefu. Halikuwa baya. Kisha nikaongeza: “kuwa mtaalamu zaidi.” Mke wangu, Joséphine-Marie, amesoma, akarudi jikoni.

Jumatano, tarehe 16

Fomu imerudishwa, maneno niliyoongeza yamekatwa kwa wino. Nijaze upya. Sina muda, kwa sababu nimepata jambo kubwa zaidi! Kampuni moja inasimamisha minara ya simu kuelekea Lushebere. Jumapili niliwaandikia kwamba chuo chetu kina bingwa wa antena, aliye tayari kushirikiana nao. Antena nimeziona mara nyingi. Kwa mbali.

Wamejibu leo! Wanakuja Jumatatu kunichukua. Hawakuniuliza swali hata moja la ufundi, wamenitambua mara moja. Wameomba tu vipimo vya kiuno na mapaja yangu, na kama moyo wangu ni mzima kwa kupanda juu.

Vipimo nimetuma. Bila shaka wananishonea yunifomu.