Malalamiko Kuhusu Chupa Moja ya Mtakatifu Odulf

Hallvard Brekkhus,
Katibu, Chama cha Wapenda Bia,
Storvåg.
Jumatano, 21 Mei

Kwa Bi. Turid Skarvøy,
Meneja, Duka la Vileo la Serikali,
Storvåg.

Ndugu Meneja,

YAH: KUDHALILISHWA KWA CHUPA MOJA YA BIA KUTOKA UBELGIJI

Tafadhali isome barua hii ukiwa umeketi, maana ni ndefu. Najua wewe ni dada wa mke wangu, na Jumapili tu nilikuwa mezani kwako nikila samaki wako na kumsifu mama yenu kwa viazi. Siku hiyo nilikuwa shemeji. Leo nakuandikia kama raia, na raia hana shemeji.

Kwenye rafu ya chini kabisa ya duka lako, upande wa bia za nje, ipo chupa moja ya Mtakatifu Odulf, bia nyeusi ya watawa wa Ubelgiji. Naandika moja kwa sababu ni moja kweli. Zilikuja sita mwanzoni mwa Machi, tano zikaondoka katika wiki ya kwanza, na tangu hapo hiyo ya sita imesimama peke yake na kuota vumbi shingoni. Sasa umebandika kikaratasi chini yake, kwa mwandiko wako ninaoufahamu, kwamba bia isiyouzika chupa kumi na mbili, kuanzia Machi, kufikia kufungwa kwa duka Jumamosi tarehe 31 Mei itaondolewa Storvåg moja kwa moja.

Zimebaki siku kumi. Sheria ya nchi yetu hairuhusu duka jingine lolote kuuza bia kali kiasi hicho, na duka jingine la Serikali liko saa tatu kwa feri na basi. Odulf akiondoka, hatutakuwa tumepoteza bia tu, tutakuwa tumepoteza Ubelgiji nzima. Kwa hiyo naomba uyapokee malalamiko yafuatayo.

1. Mahali. Chupa hiyo imewekwa usawa wa goti, katikati ya bia zisizo na kilevi. Mtu akitaka kuiona sharti ainame, na wanachama wetu ni watu wa umri wa kufikiri mara mbili kabla ya kuinama. Bia ya asilimia tisa, iliyotengenezwa na watu wa sala, inawekwa jirani na maji ya tufaha. Majirani wa namna hiyo humkatisha tamaa yeyote.

2. Asle wa kaunta. Nilimfundisha jiografia kijana huyu miaka sita, na Ubelgiji tulikaa nayo wiki mbili. Mwezi uliopita nilimwendea kama mgeni kabisa, nimevaa kofia, nikamuuliza, "Kijana, hii bia nyeusi vipi?" Akanijibu, "Mwalimu, kuna watu wanaipenda." Nikamuuliza, na wewe? Akasema, "Mimi nipo kazini." Naelewa kwamba Serikali inauza pombe kwa sharti la kutomshawishi mtu ainunue. Lakini kati ya kushawishi na kutoa rambirambi kuna nafasi pana, na Asle angeweza kusimama hapo.

3. Uchaguzi wa bia za nje kwa jumla. Hapa lazima nieleze mkutano wetu wa tarehe 2 Mei, uliofanyika nyumbani kwa Gudbrand Nesje, mwenyekiti wetu. Tupo wanachama saba: watatu wa bia za Ubelgiji, watatu wa za Ujerumani, na Sigvart ambaye hunywa chochote kilichofunguliwa. Ajenda ilikuwa moja: kwa nini rafu ina aina tisa za Denmark zisizotofautiana, na ile ya Marekani yenye maembe na maziwa ambayo Sigvart peke yake ameimaliza, huku Ubelgiji ikiachiwa chupa moja. Mjadala ulikwenda vizuri kwa saa nzima. Keki ya lozi ililiwa. Kipande cha mwisho, kama ilivyo kwa watu waliolelewa, hakuna aliyekigusa. Kilikatwa nusu, nusu ikakatwa nusu, na tulipofunga mkutano kilichobaki kwenye sahani kingemtosha chungu mmoja asiye na familia.

Kabla ya kufunga tukakubaliana kwa kauli moja kuilinda chupa. Na hapa nakuja kwenye jambo zito.

4. Hujuma. Tangu siku hiyo mwanachama mmoja hupita dukani kila siku kuitazama. Ninalo daftari mbele yangu. Jumatatu, Sigvart: "Ipo." Jumanne, mimi mwenyewe: niliinama, nikaitazama, nikaishika shingo kidogo, nikaondoka na bia ya Kijerumani na roho nzito. Jumatano: "Ipo." Alhamisi: "Ipo, ila imegeuzwa kidogo." Hata siku moja haikukosekana. Mji wa watu elfu mbili, na hakuna hata mmoja anayeitaka chupa hiyo? Haiwezekani, Ndugu Meneja. Lisemwalo lipo, na hapa kuna mtu amesema neno.

Kikulacho ki nguoni mwako. Gudbrand, ambaye ni wa Ujerumani tangu ujana wake, aliropoka mwishoni mwa mkutano huo kwamba Odulf ina ladha ya mchuzi wa nyama. Mchuzi, Ndugu Meneja. Nami nilimjibu, na hili halimo katika kumbukumbu za mkutano, kwamba mtu aliyeuloweka ulimi wake katika maji ya Munich miaka thelathini hana haki ya kuzungumzia ladha. Gudbrand alisimama ndani ya nyumba yake mwenyewe, akachukua opena ya chama kutoka mezani, akavaa koti, akatoka. Sisi wageni tukabaki tunamwoshea sahani.

Tumeketi pamoja kila Ijumaa miaka thelathini na moja. Ijumaa mbili zilizopita nimeketi na mke wangu, naye ananihurumia, jambo ambalo silipendi. Juzi Gudbrand alinipita barabarani, upande wa pili, akaniinamishia kichwa kama anavyowainamishia watalii. Nasema wazi kwamba naumia. Na haya yote ni kwa sababu duka lako limeiacha chupa ile pale mpaka watu wazima wakaanza kutazamana vibaya.

5. Nilikuwa na la tano, ni kuhusu friji, yaani kwamba hamna. Tuliache kwa leo.

Kutokana na hayo, chama kinadai yafuatayo. Chupa ipandishwe mpaka usawa wa macho, na iwekewe taa. Kikaratasi kibanduliwe, na mahali pake Asle aandike kwa mkono neno moja la ukarimu, hata kama ni "Karibu." Ikiwa hilo litavunja sheria, basi sheria ibadilishwe: Bunge lipitishe kwamba kila mtu mzima wa Storvåg anunue chupa moja ya Odulf kila baada ya miezi mitatu, mchungaji akiwemo. Mama yenu, Bi. Borghild, naye asisamehewe, ingawa najua aliweka nadhiri ya kutoonja kileo akiwa na miaka kumi na mitano, na tangu hapo amezishika nadhiri zake na za watu wengine pia. Anayezingatia nadhiri anaweza kuinunua na kuitazama. Mwakani, tarehe 17 Mei, chupa itangulie maandamano ya Siku ya Taifa, juu ya mto mdogo wa hariri, mbele ya bendi ya shule. Wenye tarumbeta watazoea.

Haya yote yakikataliwa, wanachama sita tuliobaki tutakuja kuketi mbele ya rafu kwa zamu, kimya kabisa, na kahawa yetu wenyewe kwenye chupa za chai. Hatutamzuia mteja yeyote kupita. Tutakuwepo tu, mpaka muone aibu.

Nisalimie Asle, na umwambie Ubelgiji bado ipo kaskazini ya Ufaransa. Nisalimie dereva wa lori la mzigo, yule mama wa usafi, na wateja wote wa Denmark, ambao sina ugomvi nao binafsi. Nisalimie Mama, na umwambie viazi vilikuwa vizuri kweli.

Wako katika haki za mlaji,

Hallvard Brekkhus
Mwalimu Mstaafu

Tanbihi, Jumatano iliyofuata, 28 Mei:

Barua hii haikukufikia kwa wakati, na afadhali. Alhamisi iliyopita niliileta kwa mkono, maana kutia stempu kwa ajili ya hatua mia mbili ni ufujaji. Nilipokunja kona ya bia za nje nilimkuta Gudbrand amepiga magoti mbele ya rafu ya chini, na lile goti lake bovu, ameishika Odulf kwa mikono miwili. Asle alikuwa amesimama juu yake.

"Mzee, si uichukue tu," Asle alikuwa anamwambia. "Wiki ya tatu hii. Unakuja, unaishika, unairudisha."

"Nataka kumpelekea Hallvard, tuyamalize," akasema Gudbrand. "Lakini ndiyo ya mwisho, bwana. Nikiichukua, halafu Hallvard mwenyewe akaja akaikosa?"

"Si unampelekea huyo huyo Hallvard?"

"Ndiyo. Lakini yeye hajui."

Nikakohoa. Gudbrand akaiweka chupa chini haraka kama mtoto aliyekutwa na kijiko kwenye sukari. Asle akanigeukia. "Na wewe Mwalimu, kila Jumanne unainama hapa. Wewe huichukui kwa nini?"

Nilimjibu kama ambavyo mtu yeyote mwenye malezi angemjibu, kwamba ni ya mwisho, na huenda kuna mtu mwingine anaihitaji. Asle akafumba macho. Akasema Sigvart alimpa jibu hilo hilo Jumatatu, na wale wanne wengine kila mmoja kwa zamu yake. Kisha akatueleza taratibu, kama nilivyokuwa nikimweleza yeye mistari ya latitudo, kwamba kompyuta ya duka haiagizi katoni nyingine mpaka ione rafu tupu. Ikiona chupa moja inajua bia ipo, na ikiona haiondoki inajua haitakiwi. "Hakuna hujuma," akasema. "Ni nyie."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuwa na madai yangu yote mfukoni, nikayasukuma chini zaidi.

Ungedhani hapo mambo yalikwisha. Nikamwambia Gudbrand aichukue. Akaniambia niichukue mimi. Nikamwambia yeye ndiye aliyefika kwanza. Akaniambia mimi ndiye wa Ubelgiji. Keki ingekuwa imeshakatwa vipande vinane, lakini chupa haikatiki. Tukamwomba Asle ainunue yeye, akasema samahani, na yeye amelelewa. Tulikuwa bado hapo, sasa watatu chini, ndipo Mama Borghild alipoingia na kigari chake cha kutembelea, amekuletea mikate yako ya mchana uliyoisahau nyumbani.

"Nyie mna nini hapo chini?" akauliza. "Mnasali?"

Tukamweleza. Unamjua Mama; ni mtu wa mji wa Bergen, na Bergen kipande cha mwisho huliwa na aliye karibu. "Sogeeni," akasema. Akainama, na miaka yake themanini na minane, vizuri kuliko tulivyoweza sisi, akaiweka Odulf kikapuni, akaenda nayo kaunta na kichwa juu. Alisema ni ya paja la kondoo la Jumapili, na kwamba mchuzi si kunywa. Nadhiri yake haikutaja mchuzi.

Jumapili ulikuwepo, uliula. Sote tuliula mara mbili. Gudbrand, aliyealikwa na Mama, alinitazama ng'ambo ya meza wakati bakuli la mchuzi linapita, akawa na haki ya kusema neno moja, na hakulisema. Baada ya kahawa nikakuta opena ya chama pembeni ya sahani yangu. Sikumwambia nimefurahi kiasi gani, kwa hiyo nakuambia wewe, ukipata nafasi umwambie.

Katoni mpya, ya chupa sita, imefika jana Jumanne. Wanachama waliambizana, na kabla ya saa sita mchana tano zilikuwa zimeondoka. Ukijumlisha na zile za Machi na ya Mama, ni kumi na moja. Mimi na Gudbrand tulifika wa mwisho, kwa sababu tulisimama njiani kuzungumza, tulikuwa na mengi. Tukaikuta moja.

Tunajua hesabu, shemeji. Tunaijua kompyuta pia, na kikaratasi chako, na kwamba kumi na mbili ni kumi na mbili. Tulisimama mbele yake pamoja dakika ishirini. Kisha tukaenda nyumbani na bia ya Kijerumani, chupa mbili.

Kesho ni sikukuu ya Kupaa, mmefunga. Jumamosi mnafunga saa kumi na ndiyo mwisho. Kwa hiyo nakuomba uyafute yote niliyoandika hapo juu, namba kwa namba, pamoja na Bunge na mto wa hariri. Ombi limebaki moja tu: keshokutwa, Ijumaa, tafadhali sahau tena mikate yako nyumbani.