Kamati ya Kupendwa kwa Mkurugenzi

Umma unatangaziwa kwamba Mkurugenzi wa Idara ya Maji sasa anapendwa rasmi. Natangaza haya kwa wadhifa wangu wa Katibu wa Kamati ya Kuratibu Kupendwa, na ole wake atakayesema vinginevyo, maana mimi nilikuwepo.

Chanzo ni waraka wa makao makuu. Ulisema kuanzia sasa wakubwa wote, wa ngazi zote, watapimwa kwa kigezo kimoja: wananchi wanawapenda kiasi gani. Zamani kigezo kilikuwa maji, na sote tuliona jinsi kigezo kile kilivyowaonea watu.

Sasa, wananchi wa mji huu wana ugonjwa wa kukumbuka. Bado wanakumbuka bomba lililopasuka kiangazi kile, tukalizungushia utepe na kulizindua kama chemchemi. Wanakumbuka wodi ya wazazi ilivyoletewa maji kwa ndoo na mabibi huku bustani ya Mkurugenzi ikinyunyiziwa mchana kutwa. Wanakumbuka hata rangi ya mpira wenyewe wa kumwagilia: kijani, wenye mstari mweupe. Ukiwa na umma wa namna hii, kupendwa hakuji hivi hivi. Kunahitaji kamati.

Tukamwajiri Mtaalamu wa Saikolojia ya Kupendwa. Alikuja na kompyuta na viatu visivyo na soksi. Akakaa mapokezi akichungulia watu, kisha akapanda juu kutoa matokeo.

"Mheshimiwa, upendo upo," akasema. "Tena mwingi. Ila unavuja njiani."

"Unavujia wapi?" Mkurugenzi akauliza.

"Pale chini. Kwa yule mama wa dirishani."

Uchunguzi ukathibitisha. Mama wa dirishani, mpokea wageni wetu, alikuwa anaiba upendo wa idara waziwazi. Mtu akija kuuliza maji, alikuwa anamwambia, "Leo hayaji, shangazi, usijichoshe kusubiri. Yule mjukuu wako alipona kifua?" Hayo ni makosa mawili: kusema ukweli saa za kazi, na kukumbuka kifua cha mtu asiye mtumishi.

Kamati ikaamua ahamishiwe kituo cha pampu, safari ya siku nzima kutoka mjini, ili upendo upate njia ya kupanda juu.

Alinifuata ofisini. "Kaka, mama yangu hajigeuzi kitandani mpaka nimgeuze. Nikienda huko atageuzwa na nani?"

"Kamati imelipokea suala la kugeuzwa," nikamjibu.

"Mmelipokea. Mnalipeleka wapi?"

"Ngazi husika."

Akanitazama kama mtu anavyotazama bomba letu: bila matumaini, lakini bila mshangao pia.

Siku ya kumuaga hatukutangaza, ila mchana ua ulijaa. Msusi alifunga saluni yake akiwa amemsuka mteja nusu kichwa, na mteja akaja naye, nusu kichwa hivyo hivyo. Fundi cherehani alikuwa analia huku futi yake bado ipo shingoni. Watu walileta blanketi, sufuria, dawa ya kuchua mgongo wa yule bibi kitandani.

Mkurugenzi alikuwa juu, pua imegusa kioo. Wivu wa kiongozi ni kitu kizito kukishuhudia.

"Huyu analiliwa kwa lipi?"

"Anaondoka, mheshimiwa," nikasema.

Mtaalamu akaruka kitini. "Ndilo hilo! Binadamu hupendwa sana anapoaga! Basi hakuna haja ya kubadili tabia. Hata maji hayahitajiki. Anayehitajika ni mtu wa kuagwa tu!"

"Na mimi niagwe," Mkurugenzi akaamuru.

"Unakwenda wapi, mheshimiwa?"

"Siendi popote, mjinga wewe! Nitaagwa, nitapendwa, Katibu Mkuu wa makao makuu ataona kwa macho yake, halafu nitabaki."

Hoja ikapita bila kupingwa. Uhamisho wa mama wa dirishani ukaahirishwa wiki moja, maana machozi ya mji huu si mengi, na hatukutaka wayagawane. Nikamwandikia Katibu Mkuu kwamba idara inamuaga Mkurugenzi wake. Kisha nikashuka dirishani kutoa maelekezo, kwa kuwa watu walikuwa na tabia mbaya ya kumwamini yule mama.

"Waambie Mkurugenzi anaagwa Jumamosi."

"Kweli anaagwa? Mimi hapa sijawahi kumdanganya mtu, kaka."

"Kuagwa ataagwa kweli kweli."

"Haya. Hilo nitalisema kwa moyo wangu wote."

Jumamosi hiyo niliogopa ukuta utaanguka. Ua ulijaa, barabara ikajaa, vijana wakapanda juu ya tangi letu, ambalo kwa kuwa ni tupu liliwabeba vizuri. Wagonjwa waliokuwa na nafuu waliwashika mikono wasiokuwa nayo. Vigelegele mpaka masikio yakaziba. Zawadi zote zilikuwa mabegi ya safari.

Msusi akashika kipaza sauti. "Baba, nenda. Usiwe na wasiwasi na sisi. Na ukifika usiandike."

"Unaona?" Mkurugenzi akaninong'oneza, macho yamelowa. "Kumbe wananipenda."

"Kupita kiasi, mheshimiwa."

Katibu Mkuu alifika akipasua umati kwa mabega. Alipanda jukwaani, akafuta miwani. "Katika utumishi wangu sijaona kiongozi aliyewafurahisha watu wengi hivi kwa mara moja. Makao makuu tumepokea barua ya kumuaga. Tumeridhia!"

Kelele. Mkurugenzi akanyakua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, siondoki!"

Ua mzima ukaangua kicheko. "Ana utani huyu!" akasema fundi cherehani, anajipiga mapaja. "Miaka yote kumbe ana utani!"

"Nasema nabaki! Hili lilikuwa zoezi la kamati!"

Vigelegele tena. Mkurugenzi akamgeukia Katibu Mkuu, jasho linamtiririka. "Mkubwa, wewe unajua nabaki. Waambie."

"Niwaambie mimi?" Katibu Mkuu akasema chini chini. "Waraka unanipima na mimi pia, bwana. Unataka wanichukie?"

Hapo sauti ikapanda kutoka nyuma: "Na mama yetu wa dirishani je?"

Katibu Mkuu akauliza ni nani huyo, nikamweleza kwa ufupi. Akainua mkono. "Anabaki hapa hapa!"

Mlipuko uliofuata ulimfanya ageuke kutazama ni nani anayeshangiliwa. Alipogundua ni yeye, akatabasamu kama mtoto, na Mtaalamu tayari alikuwa amembebea mkoba. Mama wa dirishani aliomba ruhusa ya kutoka mapema. Muda wa kumgeuza mama yake ulikuwa umefika. Alipewa.

Mkurugenzi tulimbeba juu juu hadi kwenye gari, anarusha miguu kwa unyenyekevu, mabegi yakifuata. Dereva akawasha, gari likagoma. Haikuwa shida. Wazee, wajawazito, yule dada wa nusu kichwa, na hata watumishi wenzangu ambao kwa vyeti vya daktari hawawezi kuinua faili, wote waliinama wakasukuma.

Injini iliwaka kabla ya kona. Hakuna aliyeacha kusukuma.