Bustani ya Boma na Chombo Kisichofunguka

Jumatatu, 9 Agosti 1965

Nimepata daftari. Shule imefungwa, na kurasa za nyuma za daftari la binti yangu Lul hazijaandikwa kitu. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandika, miaka miwili tu, na kwa kuwa wifi yangu Arbia hawezi kukisoma. Faida mbili.

Leo nimeona kitu kikanikata maini. Kabla shule haijafungwa mwalimu aliwaambia watoto wachore chakula kitamu kuliko vyote walivyowahi kula. Mwanangu Nuh, ana miaka saba, amechora kopo. Nikamuuliza kopo la nini. Eti kopo la nyama la wanajeshi. Aliliokota karibu na seng'enge, lilikuwa na mafuta pembeni, akayalamba kwa kidole. Akasema lilikuwa tamu sana, hooyo, mama yangu, hata wewe ungelipenda.

Nikakaa chini palepale jikoni.

Mimi katika umri wake nilikuwa na Ijumaa. Marehemu baba alikuwa akimwagilia bustani ya boma la serikali, ile ya kando ya mto. Ijumaa alasiri, bwana mkubwa akishalala, tuliingia sote na mkeka. Nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyoanikwa ikakaangwa, ndani ya samli, na iliki. Anjera ya moto, ule mkate wetu mwembamba. Maziwa ya kibuyu kilichofukizwa, mpaka leo nikisikia moshi wa kuni ulimi wangu unakumbuka. Tulikula tukagaagaa kwenye majani mpaka nguo zikawa kijani, na hakuna aliyegombezwa.

Wanangu hawajui majani. Wanajua kafyu.

Nimeamua. Jumamosi tunakwenda bustanini, sote watano, mimi, mume wangu na watoto watatu.

Jumanne, 10 Agosti

Mume wangu Dagane amesema haiwezekani. Yeye ni tarishi wa ofisi ya wilaya. Bustani imezungushiwa seng'enge, upande mmoja pana mahema ya jeshi, na watu hawakusanyiki bila kibali. Anajua, kwa sababu barua za kukataza ndiye anayezisambaza kwa baiskeli. Nikamwambia basi barua ya kuruhusu nitaifuata mwenyewe, asijichoshe. Akaenda kutawadha, na wakati wa swala haujafika.

Nimekwenda ofisini peke yangu. Karani, mtu wa bara, akauliza nataka bustani ya nini. Njia nzima nilijipanga kusema kweli. Kinywa kikasema: kufagia. Nikaongeza kwamba baba yangu alifanya kazi pale na moyo umenituma. Akauliza nitalipwa nini. Nikasema bure. Aliniangalia vibaya kuliko kama ningesema naenda kuiba. Akarudia, bure? Mwisho akaandika: watu watano, Jumamosi, saa tatu hadi saa sita, wawe na mafagio tu. Neno "tu" akalipigia mstari.

Nyumbani tuna ufagio mmoja.

Nyama nayo ni taabu. Tangu vita vianze ngamia haonekani mjini kila siku. Gelle mchinjaji alikuwa na paja, lakini amelitunzia mtu. Nikamwomba, akauliza hali ya mwavuli wa Dagane. Mwaka mzima anautazama ule mwavuli. Jua linampiga pale buchani, maskini. Nimempa. Mvua hainyeshi hadi Novemba, Dagane hatajua kitu kabla ya hapo.

Jumatano, 11 Agosti

Nimekata nyama vipande virefu, nimeianika kambani. Haijapita saa moja Arbia kaingia, pua mbele. Akasema abaayo, dada yangu, umekata nene kama kandambili, mama yetu sisi alikata mpaka unaona jua upande wa pili. Kisha akauliza nyama yote hii ya nini. Nikasema ya mgonjwa. Mgonjwa gani? Mimi. Akanishika paji la uso, akaniamuru nilale, akakaa kuniuguza mpaka saa kumi. Chai yangu ameimaliza akiniuguza.

Kumbe habari anazo. Mji mzima unajua mke wa Dagane anakwenda kufagia bure. Anataka kuja naye. Nikasema kibali ni cha watu watano. Akajibu kitinda mimba wangu Ardo ana miaka mitatu, huyo bado si mtu wa kuhesabiwa na serikali. Nikasema ameandikwa kwa wino. Ametoka bila kufunga mlango, na mbuzi wa jirani akaingia.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimekaanga. Vipande vidogo kama punje za mahindi, samli, iliki, chumvi. Nyumba imenukia utoto wangu. Nililia kidogo, nikasema ni moshi.

Adhuhuri nyama imepungua vidole viwili kutoka ukingoni. Midomo ya Nuh inang'aa. Lul ananuka iliki mpaka kwenye nywele. Dagane anasema alikuwa akikagua chumvi. Amekagua mara tatu. Tukiendelea hivi Jumamosi tutapeleka harufu peke yake.

Lakini nimepata dawa. Nimekumbuka chombo cha harusi.

Ijumaa, 13 Agosti

Kwetu mama wa bibi arusi hujaza nyirinyiri kwenye chombo cha mti, akakivika nguo nyeupe kama bibi arusi mwenyewe, akakizungushia kamba ndefu na kuificha ncha. Wanaume wa upande wa bwana hukaa kuitafuta. Kukata kamba ni aibu ya ukoo mzima. Chombo changu mimi kiliwatoa jasho kuanzia asubuhi hadi alasiri. Jama, mume wa Arbia, alikosea mara nne na shangazi zangu wakamchapa miguu kwa fimbo. Kwa mchezo, lakini walimchapa. Arbia hajasahau.

Mama hakunifundisha, alifunga amenipa mgongo. Ila mikono yangu ni yake. Nimejaza nyama, nimekivika nguo nyeupe, nimezungusha, nimepitisha chini, nimerudisha juu, nimezungusha tena, kamba nzima ya kisimani imekwisha. Nuh amejaribu kuanzia asubuhi, amechoka. Dagane alikutwa amekipakata, akasema anapangusa vumbi.

Ufundi mkubwa. Hata mimi nikikitazama siioni ncha.

Jumamosi, 14 Agosti



Tumefika langoni saa tatu kamili na mafagio matatu, mawili ya kuazima, na matawi mawili. Dagane amevaa sare ya utarishi ili tuheshimiwe. Koplo alikuwa kijana wa Ukambani, mpole. Akasoma kibali, akaona chombo. Nini hiki, mama? Chakula. Kibali kinasema mafagio tu. Basi kifungue nione.

Nikakaa chini nikaanza kutafuta. Nikageuza. Nikageuza tena. Jasho likaingia machoni. Akauliza ni cha nani. Changu. Kafunga nani? Mimi. Basi fungua. Nikasema siwezi. Akayarudia maneno yangu polepole kumwambia mwenzake, na wote wawili wakarudi nyuma.

Baadaye ndipo nilipoelewa walichokuwa wanakiona: kitu cha mviringo, kimefungwa nguo nyeupe, kimezungushiwa kamba, na mwanamke anayelowa jasho.

Tukalazwa kifudifudi kwenye majani, sote watano, mikono imenyooshwa. Chombo kimeachwa peke yake katikati ya njia. Askari mmoja alisimama na bunduki juu ya kichwa cha Dagane. Hapo sina mzaha. Nilitafuta shahada nikapata nusu. Nikawaza, kwa ajili ya nyama, Kinsi, umewaleta watoto wako hapa kwa ajili ya nyama. Ardo alidhani ni mchezo, akacheka. Nuh akaninong'oneza: hooyo, majani yanawasha, lakini ni mazuri.

Koplo akachomoa kisu. Nikasikia sauti, kumbe yangu, inasema asikate, kukata ni aibu ya ukoo wa mume. Dagane, uso udongoni, akasema ukoo wa mume ni mimi, na nimeikubali aibu, kata afande. Nikasema hapana. Nikaeleza yote nikiwa nimelala vilevile: harusi, mama, Jama na fimbo. Koplo akasikiliza mdomo wazi. Akauliza shahidi yuko wapi.

Shahidi alikuwa ameshika seng'enge kwa nje, na ufagio mkononi. Arbia. Akasema ni kweli afande, ni chombo cha harusi, na kimefungwa vibaya.

Akaingizwa akifungue. Alikaa, akakunja mikono ya nguo, akatafuta. Akatafuta tena. Akasema mwanga wa hapa si mzuri. Wale askari wakaanza kusogea. Mmoja akasema ncha iko chini, mwingine akamwambia wewe hata kamba za viatu zinakushinda. Wakatoka wengine kwenye mahema. Tukaambiwa tunaweza kukaa. Karibu na saa sita koplo mwenyewe akapiga magoti, akaingiza kidole chini ya nguo, kwenye kitako cha chombo, akavuta. Ikaja yote. Wenzake wakampigia makofi.

Kifuniko kikatoka, iliki ikapanda. Na mimi, wallahi kinywa hiki, nikasema kwa mila anayefungua ndiye anayeanza kula.

Hakuna aliyeniuliza. Askari walikuwa kumi na mmoja. Arbia akala pamoja nao, eti upande wa wafunguaji.

Vilibaki vipande vitatu. Kimoja kimoja kwa kila mtoto. Ardo alimeza. Lul alikula akimtazama askari. Nuh alitafuna, akaacha kutafuna, akafumba macho ili kisiishe. Nikageukia mtoni, sikutaka anione.

Kisha koplo akasema muda bado kidogo, tufagie. Tukafagia.

Jumapili, 15 Agosti

Bustani imefungwa kwa raia wote mpaka taarifa nyingine. Barua kaisambaza Dagane. Yetu ameisukuma chini ya mlango wetu wenyewe, akapiga kengele ya baiskeli akaenda zake. Hajasema nami neno tangu jana, ila asubuhi aliuliza kama kimebaki chochote.

Nimefikiri sana nilipokosea. Nimepata: mahali. Bustani ya boma ina lango na askari. Ua wa zahanati ya serikali una miti miwili ya kivuli na majani mazuri kuliko yale, na mgonjwa haombwi kibali. Tena mgonjwa anaruhusiwa chakula cha nyumbani.

Gelle ana paja jingine. Ameiulizia kengele ya baiskeli.

Nuh anajifunza kukohoa. Lul anachechemea vizuri, ila anasahau ni mguu upi. Ardo nimemwambia alale kama mgonjwa, amelala kweli. Arbia amekuja kuomba awe mahututi, nimemwambia wagonjwa wametosha. Dagane bado hajaambiwa anaumwa nini.