Choo Ngumu ya Miaka Mitatu

Wasee, jina langu limeharibika. Mtaa wetu wa Yamumbi wote unajua, na habari tayari zinaelekea mtaa wa Kiplombe. Lakini kabla hamjacheka, mjue kitu kimoja: choo yetu inang'aa. Inang'aa mpaka unaweza kujiangalia meno.

(Mwalimu wangu wa Kiswahili akisoma hii: najua, ni choo chetu. Lakini ya nyumbani tunaiita yetu.)

Asubuhi mathe, mamangu, alikuwa mbio. Akina mama wa kanisa wanakuja kwetu chai, mara ya kwanza tangu tuhamie hapa. Ameosha mapazia. Ameazima vikombe. Shida ni choo. Huku tunatumia maji ya kisima, yale maji ngumu ya chumvichumvi, na yameacha ukoko ndani ya choo. Ukoko wa kahawia, kama wa wali uliosahauliwa kwa jiko. Mathe alikuwa ameshapanga uongo wake: atafunga mlango, aseme flashi imekufa, wageni waende choo ya shimo ya jirani. Na jana mvua ilinyesha. Matope ya huku mnayajua.

"Mathe, hiyo niachie mimi."

"Wewe Nafula? Hata sahani yako inakushinda."

"Ikitoka, unanirudishia simu."

(Simu ilichukuliwa kwa sababu ambazo si za leo.)

Akacheka. "Ikitoka, nakurudishia na bando juu."

Mbio mpaka kemisti, duka la dawa, kutafuta asidi! Dirishani nikampata Mama Kibet, mwenyekiti wa hao hao akina mama, anangojea dawa ya kikohozi. Nikamsalimia kwa heshima zote, kisha nikamgeukia muuza dawa, ambaye sote tunamwita daktari.

"Daktari, niko na shida ya choo."

"Inaendesha ama imefunga?"

"Haijafunga. Ni ngumu tu. Imeshikana kama mawe."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie Yamumbi. Kama miaka mitatu hivi."

Daktari akaweka kalamu chini. "Miaka mitatu?"

"Na ni nyumba yote. Ni vile mimi ndiye nimeamua kushughulika."

"Rangi?"

"Kahawia. Kwa kando inaingia manjano."

"Na umejaribu nini?"

"Sabuni. Majivu. Jana nimeingiza waya ya kuosha sufuria, nikasugua mpaka mkono ukakufa ganzi."

"Yesu wangu!" Huyo alikuwa Mama Kibet. Akanishika bega. "Mtoto, kula papai. Na unywe maji mingi."

"Lakini mama, hiyo maji ndiyo imeleta hii shida!"

Akanitazama kama mtu anayetazama jeneza. Akachukua dawa yake, akatoka akifuta macho. (Nilidhani ni kikohozi.)

"Daktari, nipatie tu kitu ya asidi," nikaendelea. "Namwaga ndani, nafunga kifuniko, naacha ikae."

"Kifuniko gani?"

"Ya choo!"

Yule mtu akacheka mpaka akaketi chini nyuma ya kaunta. "Kumbe ni choo ya kukalia!"

Nikaona giza. Nikakimbia nje kumtafuta Mama Kibet. Wapi! Boda ilikuwa imeshambeba.

Nilirudi nyumbani na unga wa asidi ya limau, ule watu huweka kwa juisi, na aibu kidogo. Sasa hapa naomba mniheshimu, kwa sababu hii kazi niliifanya kama injinia. Nilifunga maji. Nikaflashi. Maji iliyobaki nikaichota na kikombe mpaka ikaisha (kikombe gani, sitasema), kwa sababu ukiacha maji, asidi inakuwa nyepesi kama chai. Nikakoroga unga na maji moto kiasi, nikalowesha tishu, nikazibandika kwa ukoko pande zote kama plasta. Nikafunga kifuniko. Nikangoja.

Kurudi na brashi, ukoko ulikuwa umelegea! Ukatoka vipande vipande. Uliobaki nikaumalizia polepole na jiwe la kusugua miguu. Na hapo ndipo familia yetu iligundua siri: choo yetu ni nyeupe. Miaka yote tulidhani ilinunuliwa rangi ya krimu.

Mathe akaja, akasimama mlangoni. Akaingiza mkono kwa aproni, akatoa simu, akanipa. Halafu akatangaza, "Hakuna mtu wa hii nyumba anaingia hapo mpaka wageni waone!"

Wageni wakafika. Kila mmoja na papai. Mama Kibet amebeba na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa.

"Mama Nafula, tumesikia kuhusu msichana," akasema kwa sauti ya matanga. "Ile mambo ya choo."

Mathe akavimba kwa furaha. "Kumbe mmesikia? Imetoka!"

"Imetoka?!"

"Yote! Vipande vipande, ngumu kama mawe! Amehangaika nayo tangu asubuhi, huyu mtoto!"

"Haleluya!"

"Kujeni muone. Hatujaigusa. Tumeiacha tu, tunaiangalia."

Akina mama wakarudi nyuma hatua moja. Wote pamoja, kama wamefanya mazoezi.

"Hapana, Mama Nafula," Mama Kibet akasema. "Tumeona kwa imani."

"Mama, si hivyo," nikaanza.

"Funga macho, tunaomba!" mathe akanikata. Mikono ikanijia. Minne kwa tumbo, mmoja kwa kichwa. Wakashukuru kwa kila kilichotoka, na wakakataza kingine kisirudi kukaa miaka mitatu. Mathe, ambaye bado hajaelewa kitu, ndiye aliitikia amina kubwa kuliko wote!

Chai ikanywewa. Chai ina tabia zake, na mama mmoja akaenda kujisaidia. Akatoka mbio.

"Mama Nafula! Hii choo mmenunua mpya?"

"Si ndiyo hiyo nimekuwa nikiwaitia!"

Kikombe cha Mama Kibet kikasimama hewani. Akanitazama. Akatazama tumbo langu. Akatazama mlango wa choo.

"Nafula. Ile waya ya sufuria..."

"Ilikuwa ya choo ya kukalia, mama."

Jameni, kile kicheko! Mathe alipoelezwa alilala kwa kochi akipiga mto ngumi. Halafu wakapanga foleni, mmoja mmoja, kuangalia kazi yangu. Mama Kibet alitoka akitikisa kichwa: "Kesho unakuja kwangu Kiplombe. Beba hiyo jiwe."

Basi, shida ni moja tu. Kabla ya kuja alikuwa ameshatuma ombi kwa grupu ya simu ya kanisa, ile ya watu wote: "Tumkumbuke binti Nafula, choo ngumu, miaka mitatu." Amejaribu kufuta. Imekataa.

Kwa hivyo ndugu zangu mlio kwa hiyo grupu, asanteni kwa maombi. Na wewe unayecheka sana: nimewahi kuingia choo ya kwenu. Nyamaza.