Ombi la Kufungiwa Barabara ya Theluji Jumamosi Hii

Batrun, Jumatano, 8 Januari

Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Kuondoa Theluji Barabarani,

Pokea salamu zangu za heshima. Kabla ya malalamiko, nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu, hata padri: minyororo ya magurudumu, ile ya kuzuia gari lisiteleze thelujini, ambayo Baba anaitafuta tangu Jumapili nimeificha mimi. Imo kwenye pipa la bulguri, ile ngano ya kupondwa, chini kabisa. Askari wa kizuizi cha barabarani humrudisha kila asiye na minyororo, nikadhani mambo yataishia hapo. Baba kasema ataazima ya jirani. Ndiyo maana nakuandikia.

Nilianza kwa Kifaransa, kwa kuwa nusu ya masomo yetu ni kwa lugha hiyo. Lakini Kifaransa changu kinajua kuuliza treni inaondoka saa ngapi, na kwetu hakuna treni. Kupiga simu siwezi. Mtu akiitikia tu, nakata.

Habari yenyewe ni hii. Kaka yangu Anis anahamia Kanada Jumatatu. Jumamosi Baba anatupakia sote garini ili Anis aiage nchi: asubuhi bahari, mchana theluji ya Mierezi kule mlimani, kupitia Duma, Tannurin na Bsharri. Akishaaga, ataondoka. Asipoaga, hawezi kuondoka. Hiyo ni adabu tu. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Baba ameipanga safari nzima kwa nusu saa. Batrun hadi Duma, nusu saa. Duma hadi Tannurin, nusu saa. Kona zote zile, theluji, ukungu, mbuzi: nusu saa. Shangazi Nuhad alimwambia mbele ya watu, "Milad, kwa nusu saa yako hiyo hiyo tulifika harusini Zahle keki imeshaliwa!" Baba akajibu kwamba keki yenyewe ilikuwa mbaya.

2. Anis analazimishwa kutia miguu baharini mwezi Januari, kisha ashike theluji siku hiyo hiyo, awasimulie Wakanada. "Theluji wanayo," anasema Baba, "lakini waulize bahari yao iko nusu saa?" Mheshimiwa, Wakanada hawajauliza.

3. Mama amekwisha kukaanga kibbe sitini, vile vidonge vya nyama na bulguri, kwa watu watano. Nyumbani kwetu neno "safari" sasa ni hii ya Jumamosi peke yake. Ile ya Jumatatu haina jina. Mama akiifikia katikati ya sentensi, huinuka akatazame jiko.

4. Hapa ndipo ninapokulaumu wewe binafsi. Mwaka jana barabara ilifungwa siku nne kwa sababu katapila lilikosa dizeli, na sisi hatukuwa na pa kwenda. Mwaka huu, wakati raia anawahitaji, katapila linapita kila alfajiri, na chumvi ya kuyeyusha barafu juu! Nauliza kwa heshima: huu ni utumishi gani? Mmebadilika lini, na kwa ruhusa ya nani?

5. Kwa hiyo naomba barabara ifungwe kuanzia Ijumaa jioni. Kama mnaona haya kuifunga bila sababu, semeni dizeli. Watu watawaamini mara moja.

6. Ikishindikana, basi tuacheni tupande, kisha mfunge nyuma yetu. Bsharri kuna mkate, kuna jiko la kuni, na kibbe sitini si haba. Tunaweza kukaa hadi Pasaka. Tiketi itakufa yenyewe, na Anis atapata kazi hapo hapo ya kuwafungia wageni minyororo. Mikono anayo. Kwa nini mikono ile ikafanye kazi Kanada?

Nakushukuru kwa usikivu wako. Nisalimie dereva wa katapila na nyumba yake, askari wa kizuizi, na yeyote anayewachemshia kahawa.

Wako mtiifu,
Rindala, miaka kumi na tano

N.B. Nasikia hatua zikija mlangoni. Ni Anis, ndala yake ya kushoto humpiga kisigino. Kwa kawaida ningeikalia karatasi hii. Leo naiacha mezani.

Ameisoma yote akiwa amesimama. Kwenye kibbe akacheka. Kwenye namba sita hakucheka. Halafu akasema, "We mjinga, Jumamosi nimeiomba mimi. Kuna nafasi kwenye ndege ya Ijumaa usiku, nimeikataa ili niwe na nyinyi siku hiyo. Barabara ikifungwa, naichukua."

Minyororo tumeitoa kwenye bulguri sasa hivi, tukaipangusa kwa taulo la Mama. Tafadhali sana, Mheshimiwa, futa namba zote. Katapila lianze mapema, na chumvi msiibane.

Nimemuuliza Montreal ni mbali kiasi gani. Akanyoosha mkono kuelekea baharini, vile vile anavyofanya Baba, akasema, "Nusu saa."