Mwaija na Karatasi Isiyo na Kitu

Tulieni, enyi watu wa Masuguru na Korogwe ya Kale, nanyi wa Mkata mnaosubiri basi juu ya magunia yenu ya mahindi! Vita vya wafalme vimesimuliwa hata vikachosha, bali vita vya Mwaija binti Semboja, jasiri wa Handeni, mshika kibanio cha maabara, mlinzi wa karatasi, havijapata msimulizi hata leo.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu, mkonge umekwisha kuwa mali ya umma, na katika kiwanda kimoja kando ya Mto Pangani wanawake wa chumba cha brashi, panaposuguliwa nyuzi za mkonge, wakaanza kuugua. Matumbo yaliwasokota, mikono ikawalegea. Hosiana, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akiinua bunda la mkonge huku akiimba, sasa aliangusha hata kikombe cha chai. Nyuma ya ukuta wao, katika karakana, Ernesti fundi aliyeyusha betri mbovu za malori, na moshi wake uliingia dirishani kama mgeni aliyekwisha kuizoea nyumba. Mwaija, msaidizi wa maabara ndogo ya kiwanda, aliushuku moshi ule kwamba umebeba sumu ya madini ya risasi, katika vumbi laini lisiloonekana kwa jicho.

Akaazima pampu ya kuvuta hewa kutoka Tanga, akaipitisha hewa ya chumba kile katika karatasi ya kuchujia, upana wake kama kifuniko cha chupa, akaituma maabara kuu Dar es Salaam. Pamoja nayo alituma karatasi tupu, isiyopitishwa hewa yoyote, iwe shahidi kwamba karatasi zenyewe ni safi. Baada ya wiki sita barua ikarudi, kali kama mkuki: karatasi tupu nayo ina risasi, karibu sawa na mwenzake, kipimo hakifai.

Meneja Dominiko, mwenye sauti ya ngoma, akasimama mlangoni. "Ndugu Mwaija! Siwezi kuhamisha karakana ya taifa kwa ushahidi wa karatasi inayojisingizia yenyewe. Pampu inarudi Tanga Ijumaa. Ukishindwa, matumbo ya akina mama yatabaki kuwa shauri la mihogo wanayokula."

"Mihogo tumeila tangu enzi za Mjerumani, Ndugu Meneja," akajibu jasiri, "wala haijatuangushia vikombe. Niachie hadi hiyo Ijumaa."

Basi akajifunga kibwebwe. Akakata kucha, akafunika nywele kwa khanga, akaisugua meza hata ikalalamika. Akaifukuza kalamu ya risasi chumbani. Kisha akakumbuka alivyofundishwa Tanga, kwamba kalamu ile ina risasi ya jina tu, akairudisha kwa heshima zake. Hata hivyo adui hakuonekana, na zilibaki karatasi mbili tu, zimefungwa bado katika bahasha ya Dar es Salaam.

Jumatano akaingia Ernesti fundi. Alikuwa mtu mzima, na Hosiana alikuwa shemeji yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini siku zote hizi?"

"Namtafuta anayeichafua karatasi tupu. Hutoka Dar safi, hurudi chafu. Mikono nimenawa, meza nimesugua. Nimeishiwa pa kutazama."

Ernesti akalitazama kopo la biskuti mlimokuwa mkihifadhiwa karatasi baada ya kufunguliwa. "Hili kopo nililiziba mimi, mwaka juzi, lilipotoboka."

"Uliliziba kwa kitu gani?"

"Lehemu."

"Na lehemu ni kitu gani?"

Fundi akalishika kopo mahali alipoliziba. Jibu alilijua, na alijua pia litamhamisha nani. "Bati na risasi, mwanangu," akasema. "Nusu kwa nusu."

Mwaija akalibeba kopo lile kwa ncha za vidole, kama aliyekamata nyoka mkia, akalitoa nje. Akatwaa mtungi wa kioo wa kuwekea karatasi, akauchemsha, akausuuza mara saba.

Alhamisi pampu ikanguruma saa nane mfululizo, naye Mwaija kando yake, hali, haketi. Adhuhuri Meneja Dominiko akaja, akainama juu ya karatasi tupu, akanyoosha kidole.

"Simama hapo ulipo, Ndugu Meneja! Kidole hicho kimetoka karakana!"

Naye Dominiko, aliyetetemesha wanyapara, akauficha mkono wake nyuma ya mgongo.

Karatasi zikapanda basi. Wiki zikapita, ndefu kuliko za kwanza, kwa maana Hosiana alikwisha kulala kitandani, hawezi kazi, na kila jioni Mwaija alipita kwake Masuguru akiogopa kuulizwa habari. Hata Jumanne moja barua ikaja. Mwaija akaisoma uani, wanawake wamemzunguka.

"Karatasi ya hewa: risasi nyingi, kupita kiasi. Karatasi tupu..." Akaisogeza barua karibu na macho, akaanza upya. "Karatasi tupu: haina kitu."

"Haina kitu!" wakapokea wanawake, na vigelegele vikavuka mto. Dominiko aliisoma barua mara mbili, akaandika amri ya kuhamisha karakana siku ile ile, wala hakuitaja tena mihogo. Ernesti hakungoja mchukuzi: alikibeba chungu chake cha kuyeyushia mwenyewe, hadi mbali mashambani, upande upepo unakoelekea, kisha akapita kwa Hosiana.

"Nisamehe, shemeji."

"Keti kwanza," akasema Hosiana. "Uji umeiva."

Basi wanaohesabu ushindi wa taifa hili changa, wahesabu madaraja, wahesabu na shule. Kisha waandike kwa herufi kubwa Jumanne ile ya Korogwe, watu walipombeba Mwaija binti Semboja mabegani, kwa kuwa alitafuta kwa juhudi zote, na asipate kitu.