Alama Yangu ni Fenesi

Jumatatu, 12 Aprili
Nimepata alama ya uchaguzi! Msimamizi kanipa fenesi. Sukumaran, mgombea wa chama kikubwa, alicheka mpaka akapaliwa. Kasema fenesi linanifaa: kubwa, limejaa ulimbo, na halina haraka ya kuiva. Atajuta! Wilaya yetu nzima ya Idukki nani hajui fenesi?

Jumatano, 14 Aprili
Nimekwenda kwenye nyumba za wachuma chai. Mapaa yanavuja, vyoo hakuna. Wanawake huenda porini kwa kundi, wakigonga masufuria kumfukuza Mkiamfupi, yule tembo dume. Nikaanza hotuba. Pechiyamma, ambaye wenzake wote humsikiliza, akanikatiza. Kasema hotuba wameshiba, wanataka uzio. Akisonga ugali wa ulezi, sikio lake liko mlangoni, kumsikilizia tembo. Maneno yake yamenikaa rohoni. Bila kura za Pechiyamma sina changu.

Ijumaa, 16 Aprili
Nimepata akili! Tao kubwa mbele ya nyumba zao, limening'inizwa mafenesi ya kweli, mabivu. Eliamma, mke wangu, kaniuliza kama nimerogwa. Akaniambia, Baba Saji, unadhani mti wetu mbona mtupu? Huku kila mtu huyakata yakiwa machanga, tembo wasinuse, na miwa hapandi mtu. Nikamjibu kuwa hajui siasa. Nikayaagiza kutoka bondeni. Tao limependeza ajabu! Harufu imefika mpaka ofisini kwa Sukumaran. Na anuse!

Jumamosi, 17 Aprili
Mkiamfupi alifika alfajiri. Kala tao lote, na kamba zake. Alipogeuka akaliegemea jiko la Pechiyamma, ukuta chini. Mama wa watu alikuwa ndani anawasha moto! Katokea mlango wa nyuma, sufuria mkononi. Mungu mkubwa.

Nilimkuta ameketi juu ya matofali. Nikamwambia mgombea anasikitika sana. Kaniangalia weee. Kasema, kaka Paili, kura moja unayo, ya tembo, ila hana kitambulisho. Hakuna aliyecheka. Nilibeba matofali mpaka jioni, na nyuma ya kichaka nililia. Nimeona haya.

Sukumaran naye kaja na wapiga picha, kaahidi uzio. Mnafiki! Jiko nimevunja mimi, sifa achukue yeye?

Alhamisi, 22 Aprili
Siku ya kura. Jiko la Pechiyamma limesimama tena, wenzake wamelijenga. Nikamkuta kwenye foleni, nikamuuliza uzio umefika? Kasema zimefika nguzo mbili, na zote zina picha ya Sukumaran. Nikamwomba asinisahau. Kasema hawezi kunisahau, kila akiutazama ukuta ananikumbuka. Dalili njema.

Jumapili, 2 Mei
Sukumaran kashinda. Mimi kura tisa. Eliamma kaapa yake haimo.

Nguzo bado ni mbili. Jana niliwasikia wanawake wakishuka porini na masufuria yao, na usingizi ukanipotea. Watu wazima, kuomba tu wasikanyagwe, na kila baada ya miaka mitano tunawaletea picha zetu. Inauma.

Nimewaza kutwa kosa langu lilikuwa wapi. Nia ilikuwa safi. Kosa ni tunda! Fenesi lina harufu mno. Safari ijayo naomba alama ya miwa. Muwa haunuki kabisa. Nimekwisha panda shamba dogo nyuma ya jiko jipya la Pechiyamma, nimshtukize.